Mkono Kwanza, Mtihani Baadaye

Kijana wa Muyinga au Gitega, Burundi, anayeutaka udaktari wa mifugo hujiandaa kusoma mbali na kwao. Anaweza kwenda Dakar, kwenye chuo cha pamoja cha nchi zinazotumia Kifaransa kilichoanzishwa mwaka 1968, ambacho Burundi ni mwanachama wake. Au avuke mpaka wa Kobero aelekee Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, Tanzania, akae miaka mitano. Popote aendapo, mambo mawili humtisha: mizoga ya maabara ya anatomia na mitihani. Huambiwa ajikaze mbele ya mzoga na akeshe kabla ya mtihani. Ushauri huo naupinga. Hofu zote mbili zinatokana na kutouzoea mwili wa mnyama, na dawa yake ni kuvishika viungo mapema na mara kwa mara, huku mwanafunzi akijiuliza maswali.

Mtihani wa vitendo wenyewe unaonyesha hivyo. Viungo hupangwa mezani, kila kimoja kimechomwa pini. Mwanafunzi ana dakika chache za kutaja alichokiona, kengele inalia, anasogea mbele. Figo ya ng'ombe ina mafundo mafundo, ya mbuzi ni nyororo. Farasi hana mfuko wa nyongo. Kitabuni kila kiungo kimepakwa rangi na kimelala upande uleule siku zote, ilhali mezani kimekuwa kijivu kwa fomalini na pengine kimegeuzwa. Chukua tumbo la ng'ombe: lina vyumba vinne, na cha pili, chenye kuta kama masega ya nyuki, kiko nyuma tu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, karibu kabisa na moyo. Msumari au waya uliomezwa hutua humo, na tumbo linapojikaza unaweza kutoboa hadi kwenye moyo. Aliyekariri majina ya vyumba vinne atapata alama zake. Aliyeupima kwa vidole umbali ule mdogo ataelewa pia kwa nini ng'ombe mwenye msumari hukataa kuteremka mlima, na Burundi ni nchi ya milima.

Kuhusu kukesha, watafiti wa Marekani Roediger na Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio linalofaa kukumbukwa. Wanafunzi waliosoma maandishi na kuyarudia kusoma walikumbuka asilimia 81 baada ya dakika 5. Waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama walipata 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wa kwanza 42, wa pili 56. Kukesha basi kunaweza kumvusha mtu asubuhi moja tu, na udaktari hauishii asubuhi hiyo. Bora wenzake wawili wamshikie kiungo, wakigeuze, wamuulize.

Wapo wanaosema kompyuta inatosha, tena haiui mnyama. Inasaidia kweli, ila haina uzito wala unyevu, na viungo vingi vya kujifunzia vinaweza kupatikana machinjioni, kwa wanyama waliochinjwa kwa ajili ya kitoweo. Wengine wanataja afya, nao wana haki: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka fomaldehaidi, kemikali iliyomo ndani ya fomalini, katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Hapo chuo kinadaiwa madirisha, feni na glavu. Kumwambia mwanafunzi avumilie si jibu. Kwa Mwislamu kuna swali la mbwa na nguruwe. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Afrika Mashariki, yanaelekeza kuosha mara saba, moja kwa udongo, palipoguswa pakiwa na unyevu. Kwa hiyo njia ya kujitakasa ipo, na glavu humpunguzia kazi. Mwalimu asimcheke anayeuliza.

Mwishoni mwa 2017 sotoka ya mbuzi na kondoo ilizuka Burundi, Gitega ikiwamo. Ugonjwa huo unaweza kuacha michirizi ya damu kwenye utumbo mpana, na asiyeuzoea utumbo mzima hawezi kuitambua. Kwa hiyo mwanafunzi akirudi likizo Muyinga amwombe mkaguzi wa nyama ruhusa ya kusimama naye machinjioni asubuhi, wafungue matumbo pamoja. Glavu asiziache: Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua ng'ombe Burundi mwaka 2022, humwingia binadamu kwa damu na viungo vya mnyama mgonjwa.