Tupige Hesabu Kabla ya Kulipa Karo

Wapendwa wanakikundi wa Kangemi, Kawangware na Dagoretti, ukishuka matatu katikati ya jiji utaona mabango ya kozi za msaidizi wa muuguzi. Mzazi akija kwenye chama kuomba mkopo wa karo, tusikatae haraka wala tusikubali haraka. Tuchukue kalamu.

Tuseme karo ni shilingi 60,000 kwa miezi 6. Nauli na chakula ni shilingi 200 kwa siku, siku 20 kila mwezi: 24,000. Yunifomu na mtihani, 6,000. Jumla ni 90,000. Akiajiriwa kwa 15,000, akalipa nyumba, chakula na nauli, labda atabaki na 3,000. Atalipa mkopo kwa miezi 30, na hiyo ni kama kazi imepatikana mara moja.

Tena tuulize cheti kinafungua mlango gani. Muuguzi hufanya kazi kwa leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Cheti cha msaidizi peke yake hakileti leseni hiyo. Chuo cha ufundi nacho chapaswa kusajiliwa na TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Mwombe mkuu wa chuo awaonyeshe usajili.

Kama alama za kidato cha nne zinatosha, jaribuni kwanza KMTC. Kozi ni ndefu zaidi, lakini diploma yake ya uuguzi humwezesha kufanya mtihani wa Baraza.

Pesa ya chama ni jasho la wengi. Haba na haba ilijaza kibaba. Tusikimwage kwa siku moja.