Istilahi za Tamthilia: Mfano wa Kazi za William Shakespeare

Mfasiri wa fasihi ana kazi mbili: kufasiri maneno ya mwandishi, na kutafuta istilahi za kuielezea kazi yenyewe. Tamthilia za William Shakespeare zinaonyesha jinsi kazi hizi mbili zinavyotegemeana.

Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 mjini Stratford-upon-Avon, Uingereza. Mwaka 1582 alimwoa Anne Hathaway, wakajaliwa watoto watatu. Baadaye alikwenda London, akawa mwigizaji, mwandishi na mbia katika kundi la waigizaji lililojenga jumba la michezo la Globe mwaka 1599. Alifariki tarehe 23 Aprili 1616. Mwaka 1623 waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walitoa kitabu chenye tamthilia zake 36. Karibu nusu yake zilikuwa hazijapata kuchapwa. Bila ya kitabu hicho, huenda Macbeth ingalipotea.

Kitabu hicho kiliziweka tamthilia katika mafungu matatu: ramsa, tamthilia za kihistoria, na tanzia. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Katika matumizi ya kawaida, tanzia ni taarifa ya kifo. Katika fasihi neno hili limepanuliwa maana, likawa jina la tamthilia inayoonyesha anguko la mhusika mkuu. Upanuzi huu unafaa, ila mwalimu hana budi kueleza kwamba kifo peke yake hakiifanyi tamthilia kuwa tanzia. Macbeth ni tanzia kwa sababu tamaa yake mwenyewe ya ufalme ndiyo inayomwangamiza.

Ramsa nayo isichanganywe na kichekesho. Ramsa ya Shakespeare hutambulikana kwa mwisho wake: matata hutatuliwa na wapendanao huoana. Tamthilia aliyoifasiri Mwalimu Julius K. Nyerere kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyotolewa mwaka 1969, imo katika fungu hilo. Mwanafunzi akiambiwa kuwa ni kichekesho, atatazamia kucheka, na huenda akamcheka Shylock, Myahudi anayedhalilishwa, anyang'anywe mali na kulazimishwa kuacha dini yake. Hivyo istilahi isiyofaa hupotosha hukumu ya msomaji.

Anwani ya tafsiri hiyo ina funzo jingine. Katika Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa ni mmoja, naye ni Antonio, si Shylock kama wengi wanavyodhani. Mfasiri ametumia wingi. Aidha, neno bepari, lenye asili ya Kihindi, hapo kale lilimaanisha mfanyabiashara tu. Lakini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 msomaji wa Tanzania alisikia ndani yake unyonyaji. Kwa neno moja, lawama haimwangukii mkopeshaji peke yake, bali pia wafanyabiashara wenzake. Huo ni ufasiri wenye msimamo.

Kutokana na mifano hii, mteuzi wa istilahi anapaswa kujiuliza maswali matatu. Je, neno lina maana gani tayari kwa wananchi? Je, maana hiyo inasaidia au inazuia dhana mpya? Na je, msomaji atamhukumu vipi mhusika kwa sababu ya neno hilo? Neno likishindwa katika swali la tatu, halifai, hata kama linalingana na kamusi.