Panda Gari: Lugha ya Amri na Lugha ya Nyumbani

Jioni katika kambi ya askari nchini Uganda haikosi sauti tatu: ya sigiri inayopepewa, ya watoto wanaoitwa waingie ndani, na ya redio iliyowekwa dirishani. Mama atokaye Acholi humwomba chumvi jirani yake atokaye Ankole, na huyo jirani humpelekea uji mke wa koplo wa Teso aliyejifungua juzi. Akina mama hao watatu hawana lugha moja ya kuzaliwa. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa lugha hiyo watoto hubembelezwa, deni la sukari hudaiwa bila ugomvi, na mfiwa hupewa pole.

Lakini mama huyo huyo avukapo lango la kambi kwenda sokoni, mara nyingi huiacha lugha hiyo nyuma yake. Anajua kwamba akiuliza bei ya mkungu wa matoke kwa Kiswahili, huenda mwuzaji aliye mtu mzima akanyamaza kwanza na kumtazama kwa mashaka, kisha akajibu kwa maneno machache. Mtoto wake naye, akiwa shuleni miongoni mwa watoto wa mjini, huogopa kuitwa mtoto wa kambini. Basi yafaa kuulizwa: lugha yenye kufariji ndani ya ua imewezaje kutisha nje ya ua?

Jibu lake ni la zamani. Kiswahili hakikuingia Uganda kwa bunduki. Katika karne ya 19 kilifika katika jumba la Kabaka wa Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, nguo zao na vitabu vyao. Ushahidi wa jambo hilo umo katika kila nyumba hadi leo. Muganda asemaye kwamba hajui Kiswahili hata neno moja hukiita kitabu "ekitabo", sabuni "sabbuuni", meza "emmeeza" na dirisha "eddirisa". Hakuna askari aliyemlazimisha kusema hivyo. Vitu vilipendeza, na majina yao yakaingia pamoja navyo.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyokipeleka Kiswahili kambini. Kikosi cha King's African Rifles kiliwakusanya vijana wa makabila mengi, na ilihitajika lugha moja ya kuwaongozea gwaride. Polisi nao wakaifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kwamba Kiswahili kitumike katika shule na ofisi nyingi, lakini upinzani ulikuwa mkubwa, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa mwenyewe alieleza waziwazi kwamba hakitaki kiwe lugha rasmi ya Buganda. Hivyo basi, lugha ikakosa kiti darasani, ikabaki na kiti chake kambini. Raia ambaye hakufundishwa Kiswahili na mwalimu alikuja kufundishwa na mtu mwenye silaha.

Tarehe 25 Januari 1971 jeshi lilitwaa madaraka, na wananchi wakapata habari hiyo kwa Redio Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin akatangaza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya taifa. Amri ilitolewa, lakini walimu hawakutolewa, wala vitabu. Katika miaka hiyo hiyo watu walikuwa wakichukuliwa majumbani mwao wasirudi, na waliokuja kuwachukua mara nyingi walinena lugha hiyo. Mtu anayesikia sauti ya namna hiyo mlangoni usiku hahitaji kamusi ili kuichukia.

Utawala huo uliangushwa mwezi Aprili 1979, lakini hofu haikuondoka pamoja nao. Katika miaka ya 1980 wakazi wa Kampala walipata msamiati mpya: "panda gari". Askari walizingira mtaa, wakawatoa watu nje, na waliotiliwa shaka wakaamriwa kupanda malori. Wengine walirudi, wengine hawakuonekana tena. Operesheni zenyewe zikaitwa kwa jina la amri hiyo, hata mtu asiyejua kuomba maji kwa Kiswahili alijua maana ya maneno hayo mawili.

Maneno yenyewe hayana hatia. Ndiyo yale yale ambayo mama wa kambini humwambia mwanawe siku ya likizo, amemfunga kitambaa cha karanga na kumshika mkono hadi kituoni: panda gari, mwanangu, ukamsalimie bibi. Tofauti haikuwa katika ulimi, bali katika mkono ulioshika kile kilichofuata.

Redio nayo ilibeba sehemu ya mzigo huo. Tarehe 27 Julai 1985, na tena mwezi Januari 1986, serikali zilipobadilika kwa nguvu, macho yalikuwa barabarani na masikio yalikuwa redioni. Wazee wengi wa Uganda bado husema kwamba muziki wa gwaride uliopigwa asubuhi bila maelezo uliwatosha kufunga milango yao. Mwishoni mwa mwaka 1993 vituo vya kwanza vya watu binafsi vilianza kutangaza, na mwaka 1996 kikaanza kituo cha CBS kwa Kiganda. Sauti ikawa si moja tena, na hilo lilikuwa jema. Hata hivyo, katika wingi huo wa sauti Kiswahili kilipata nafasi ndogo.

Sheria imejitahidi kukirudishia heshima. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizo zastahili kusifiwa. Lakini mwaka 1973 ulikwisha kuonyesha kwamba lugha haipendwi kwa tangazo. Sheria hufungua mlango tu; mgeni huamua kuketi kutokana na jinsi anavyokaribishwa.

Hapa ndipo jamaa za askari na polisi wanapokuwa na kazi ambayo hakuna wizara iwezayo kuifanya kwa niaba yao. Wao ndio wenye Kiswahili cha nyumbani. Baba arudipo kutoka zamuni, na avue sauti ya gwaride pamoja na viatu. Mtoto aliyezoea kuamriwa tu kwa Kiswahili atakitumia kuwaamrisha wenziwe. Mtoto na afundishwe hodi, tafadhali, naomba na pole kabla hajajifunza kuigiza sauti ya sajini.

Kwenye kizuizi cha barabarani mambo ni hayo hayo. "Shuka!" ni neno moja, nalo humrudisha mzee wa miaka 70 katika usiku ambao alidhani ameusahau. "Habari za safari, mzee? Naomba kuona kitambulisho" ni maneno machache zaidi, na kazi ya ulinzi haipungui kwa kuyasema. Wahenga walinena kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni; basi hayashindwi kumtoa raia ndani ya hofu yake.

Na mama wa kambini asiiache lugha yake langoni. Aende nayo sokoni, amwamkie mwuzaji kwa Kiganda kama ada ya mahali inavyotaka, kisha aulize bei kwa Kiswahili cha upole. Huenda mara ya kwanza akajibiwa kwa ufupi. Mara ya tatu ataulizwa watoto hawajambo, na hapo mwuzaji ataligundua lile ambalo ndimi zao zililijua tangu zamani: kwamba sabuni na sabbuuni ni kitu kimoja.