Kuuliza si Ujinga: Lugha Njema Katika Vikundi vya Wapenda Bustani

Wakazi wengi hupanda mboga nyumbani, kwenye magunia, mitungi ya plastiki au kipande kidogo cha ardhi, si kwa biashara bali kwa kupenda tu. Wengi wao wamejiunga na vikundi vya WhatsApp ambako hupeana ushauri na picha na kupanga kubadilishana mbegu. Manufaa ya vikundi hivyo hutegemea sana jinsi wanachama wanavyojibizana.

Chukua mfano wa mwanachama mgeni anayetuma picha ya nyanya zenye doa jeusi lililobonyea upande wa chini. Anauliza tatizo ni nini. Anayetangulia kujibu anamwambia, "Kilimo si cha kila mtu, nenda sokoni ukanunue." Wengine wanacheka. Mgeni ananyamaza. Kesho yake anakwenda duka la pembejeo, ananunua dawa ya kuua kuvu na kunyunyizia bustani nzima.

Dawa hiyo haitamsaidia. Doa la namna hiyo kwa kawaida si ugonjwa wa kuambukiza. Hutokea tunda linapokosa madini ya kalsiamu, ambayo husafiri na maji kutoka udongoni. Mara nyingi chanzo ni kumwagilia bila mpangilio: udongo unaachwa ukauke kabisa, kisha unafurikwa maji. Mgeni alihitaji kuambiwa mambo mawili tu: amwagilie kwa kiasi na kwa mpangilio, na afunike udongo kwa nyasi kavu ili utunze unyevu. Kwa sababu ya mzaha, amepoteza pesa na kuweka dawa kwenye chakula cha familia bila sababu. Tena wanachama wengine wenye swali kama lake sasa wanaogopa kuuliza.

Lugha njema haimaanishi kunyamazia makosa. Mwanachama akishauri kwamba sukumawiki iliyonyunyiziwa dawa leo inaweza kuliwa kesho, ni lazima asahihishwe mara moja. Kinachosahihishwa ni ushauri, si mtu. Inatosha kuandika: "Mwenzetu, tusubiri kwanza. Kibandiko cha dawa huonyesha siku za kungoja kabla ya kuvuna." Aliyekosea hupata nafasi ya kujirekebisha bila kuaibishwa, na wasomaji wote hujifunza.

Wanachama wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

- Kabla ya kujibu, uliza mmea una umri gani, unamwagiliwa vipi na umewekewa nini.
- Eleza sababu ya ushauri wako. "Acha hivyo" pekee haimfundishi mtu.
- Ukiwa na hasira, weka simu kando kwanza. Ujumbe ukishasomwa, kuufuta hakuondoi uchungu wake.
- Mkikosana, malizeni jambo hilo ninyi wawili, nje ya kikundi.

Wasimamizi wa vikundi nao wana wajibu. Kanuni chache ziwekwe kwenye maelezo ya kikundi ili kila anayejiunga azisome. Anayevunja kanuni aonywe kwanza faraghani. Msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa matusi, na majibizano yakizidi anaweza kufunga kikundi kwa muda ili wasimamizi pekee ndio waandike.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na pia kinamtaka aheshimu haki na sifa za wengine. Aidha, sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa. Vikundi vya bustani havijaachwa nje ya sheria hizo.

Swali likiwashinda wanachama, ni heri kusema "sijui" kuliko kubahatisha. Huduma za kilimo ni jukumu la serikali za kaunti, hivyo mkazi anaweza kumpelekea afisa wa kilimo wa eneo lake picha au jani lenyewe, kisha awarudishie wenzake jibu kikundini.