Maganda ya Kahawa ni Mali, Usiache Yatupwe

Mkulima wa kahawa, wakati wa mavuno hupeleka matunda yako mekundu kiwandani, yakapimwa, ukapewa stakabadhi, ukarudi nyumbani. Je, umepata kujiuliza takataka zinazobaki huko huenda wapi?

Katika kila kilo 100 za matunda, karibu kilo 40 ni maganda yanayotolewa na mashine ya kumenya. Kahawa safi ya kuuzwa ni kilo 15 hivi tu. Basi kiwanda kikipokea kilo 500,000 kwa mwaka, hubakiwa na maganda yapatayo tani 200. Maganda hayo yana naitrojeni na potasiamu, vyakula vya mimea ambavyo miti ilivitoa katika udongo wa shamba lako. Yakitupwa, rutuba yako imetupwa, nawe utakwenda dukani kununua mbolea nyingine kwa fedha.

Hasara ya pili ni ya mto. Maji yaliyotumika kumenya na kuosha kahawa yana sukari na ute. Yakiingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho hula vitu hivyo na kumaliza oksijeni iliyo ndani ya maji. Samaki hufa, na maji hunuka. Jirani aliye upande wa chini ndiye atakayeyachota na kunywesha ng'ombe wake. Tena jambo hili ni kosa: kanuni za usafi wa maji zinakataza kuchafua mito.

Yako mambo matatu yafaayo kufanywa kiwandani.

Kwanza, maji yapunguzwe. Maji ya kumenyea yaweza kurudishwa kwa pampu na kutumika tena siku hiyo hiyo. Maji ya kuoshea mara ya mwisho, ambayo si machafu sana, yaweza kumenyea kahawa nyingine. Lakini kahawa yenyewe lazima ioshwe mwisho kwa maji safi, la sivyo itaharibika ladha na bei yake itashuka.

Pili, maganda yatengwe na maji upesi, kwa maana yakikaa majini utamu wake wote hutoka na kuzidisha uchafu. Kisha yafanywe mboji. Tandaza tabaka la maganda, juu yake majani makavu au mabua ya mahindi, kisha samadi kidogo na udongo. Endelea hivyo hivyo mpaka chungu kifike kimo cha kifua. Kifunike kwa majani kisikauke wala kulowa mvua. Chomeka kijiti ndani. Ukikichomoa baada ya siku chache utaona kina joto, na hiyo ni dalili kwamba mboji inaiva. Geuza chungu kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi minne hivi, mboji ikiwa nyeusi, imepoa na kunukia kama udongo wa msituni, iko tayari. Tia debe moja kwa kila mti. Usirundike maganda mabichi penye shina, kwa kuwa joto lake laweza kuudhuru mti.

Tatu, maji machafu yaliyobaki yaelekezwe katika mashimo ya kunywea maji, mbali na mto na visima. Mashimo yatumiwe kwa zamu. Moja likipumzika likauke, utando ulio chini ukwanguliwe, kwa maana utando huo huziba udongo na shimo likafurika.

Hata ganda kavu linalotoka katika kinu cha kukoboa lina kazi. Huwaka vizuri, na watu hulitumia kama kuni au kulifanya makaa ya kupikia.

Kiwanda cha ushirika ni chako wewe mwanachama. Katika mkutano mkuu ujao, simama uulize: Maganda yetu huenda wapi? Maji yetu huishia wapi? Wanachama watagawiwaje mboji? Afisa wa Kilimo wa eneo lenu atawasaidia kuchagua mahali pa chungu na pa mashimo. Ukirudisha shambani kilichotoka shambani, miti yako itashiba, na jirani wa chini atakunywa maji bila kukulaumu.