Kwa Nini Saa ya Kompyuta Hukataa Kusahihishwa



Katika kata kama Mgori, mkoani Singida, stakabadhi na taarifa za mradi zinapoandikwa kwenye kompyuta, tarehe zake hutegemea saa ya kompyuta hiyo. Saa ikipotea, stakabadhi ya mwaka huu husomeka kama ya miaka mingi iliyopita, na mkaguzi akiuliza, kamati hukosa jibu. Wengi hushangaa kwamba intaneti ipo, programu ya kulinganisha saa ipo, lakini saa bado si sahihi.

Programu hizo hufuata utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Profesa David Mills wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1985. Mojawapo inayojulikana sana, ntpd, ina mipaka yake. Tofauti ikiwa chini ya milisekunde 128, saa huvutwa polepole, si zaidi ya nusu milisekunde kwa kila sekunde. Tofauti kubwa zaidi ikidumu, saa hurukishwa mara moja. Lakini ikizidi sekunde 1000, yaani dakika 16 na sekunde 40, programu huandika ujumbe wa kosa, kisha hujizima.

Huo si ubovu, ni tahadhari. Programu haiwezi kujua kama iliyokosea ni kompyuta yenu au ni saa ya mbali inayoifuata. Hivyo humwachia binadamu aamue.

Mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya viwili. Kwanza, betri ndogo ya duara iliyo ndani ya kompyuta imekwisha, na umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka mingi. Pili, saa za eneo zimewekwa vibaya. Tanzania iko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa 3. Mtu akisogeza saa kwa mkono bila kurekebisha eneo, huzua tofauti ya sekunde 10,800.

Tunazishauri kamati zibadilishe betri, zichague eneo la Dar es Salaam au Nairobi, zisahihishe tarehe kwa mkono, ndipo ziwashe programu. Fundi anaweza pia kuiwasha ntpd kwa alama -g, inayoruhusu kuvuka mpaka mara moja tu. Mpaka wenyewe usiondolewe.

Nanyi wafadhili wetu, mkiona betri ya saa katika bajeti, msiidharau. Ndiyo inayolinda tarehe za taarifa mnazozisoma.