Dini zinazokataza mgonjwa kujiua zinadaiwa mofini

Tarehe 28 Oktoba 2019 wawakilishi wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu walitia saini tamko moja kule Vatican kuhusu wagonjwa wanaokaribia kufa. Wazo lilitoka kwa rabi Avraham Steinberg wa Israel, aliyelipeleka kwa Papa Fransisko. Katazo la tamko hilo liko wazi: daktari asimuue mgonjwa wala asimsaidie kujiua, hata akiombwa na mgonjwa mwenyewe. Lakini tamko lina upande wa pili, nao ndio unaonigusa zaidi. Linataka tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya mgonjwa, imfikie kila mtu popote alipo, na linakubali kwamba mauti yakishakaribia si lazima kumlundikia mgonjwa matibabu ya kurefusha mateso. Pande hizi mbili hazitengani. Dini inayomkataza mgonjwa kujiua imejitwika deni la kumtuliza, na isipolilipa, katazo lake linageuka kuwa ukatili.

Watetezi wa kusaidiwa kujiua nao wanazungumza kwa huruma, na ni lazima wasikilizwe. Tarehe 20 Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 muswada unaowahusu watu wazima wa England na Wales wasiotarajiwa kuishi zaidi ya miezi sita. Hoja iliyogusa wengi ni maumivu. Hata hivyo, tazama jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya aina hii inatumika tangu 1997 na idara ya afya hutoa kila mwaka ripoti ya sababu za waliotumia dawa ya kujiua. Zinazoongoza ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yaliyowapa raha, na kuona heshima yao imeondoka. Hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa hutajwa zaidi kuliko maumivu. Mtu anayesema amekuwa mzigo anataka kujua kama wenzake bado wanamtaka. Akikabidhiwa sumu kwa idhini ya serikali, ameshajibiwa.

Jibu tofauti lilitolewa zamani, tena na watu wa imani. Cicely Saunders, Mwanglikana aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba anayekufa huumwa mwili, moyo na roho kwa pamoja, na kwamba mofini hutolewa kwa saa zake kabla maumivu hayajarudi. Mgonjwa asingojewe mpaka alie. Mwaka 1993 Anne Merriman, daktari Mkatoliki aliyewahi kuwa mtawa, akaanzisha Hospice Africa Uganda. Dawa yake kuu ni rahisi ajabu: unga wa mofini unakorogwa kwa maji, unatiwa rangi ili dozi kali isichanganywe na hafifu, unawekwa kwenye chupa, mgonjwa anakunywa akiwa kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini, maana kijijini kumngoja daktari ni sawa na kutotibiwa.

Kuna watakaosema kwamba hata viongozi wa dini hawakubaliani. Ni kweli. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliandika mwaka 2016 kwamba angependa naye awe na hiari ya kusaidiwa kufa. Namheshimu sana, lakini sheria haitungwi kwa ajili ya Tutu peke yake, mtu aliyezungukwa na madaktari na upendo wa dunia nzima. Itamkuta pia mjane ambaye watoto wake wanahesabu bili ya hospitali. Wala huhitaji kuwa muumini ili uione hatari hiyo: nchini Kanada, sheria ya kusaidiwa kufa ya 2016 ilipanuliwa mwaka 2021 ikawafikia hata wasiokaribia kufa, na vyama vya watu wenye ulemavu vilikuwa mstari wa mbele kupinga. Kuhusu maumivu machache yanayoishinda mofini, mgonjwa anaweza kulazwa usingizi wa dawa mpaka mwisho wake ufike wenyewe. Papa Pius XII alishasema mwaka 1957 kwamba dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa hata ikipunguza siku za mgonjwa, ilimradi nia si kuua.

Ninapozikosoa dini ni kwenye malipo ya deni lile la kumtuliza mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanaohitaji tiba shufaa, takriban asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizokuwa zikigawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ikiwemo Selian mkoani Arusha, zimetuma wahudumu wa tiba shufaa hadi majumbani, na hilo linawezekana katika hospitali nyingine nyingi zinazomilikiwa na makanisa na taasisi za Kiislamu Afrika Mashariki. Askofu au sheikh anayetaka kuhubiri dhidi ya muswada wa London apite kwanza kwenye stoo ya dawa ya hospitali yake, aulize mofini iliyopo itatosha wiki ngapi.